Mwenye Neno Ana Uso

Chifu wetu hakuweka gunia nyumbani kwake. Viazi vyake vilikaa kwenye madebe, maharagwe kwenye vyungu, na kahawa yake aliifikisha kiwandani ndani ya vikapu, ilhali sisi wengine tulibeba kwa magunia kama watu wa kawaida. Mkewe alizoea kulalamika mtoni kwamba ameolewa na mwanamume anayeogopa gunia kuliko chui. Wanawake walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu huko kwetu juu ya Othaya mkulima asiye na gunia ni kama mkulima asiye na jembe.

Wazee hawakucheka. Wao walikumbuka wakati wa Hali ya Hatari, kabla ya uhuru, Mzungu alipowapanga wanaume mstari ndani ya seng'enge na kumpitisha mbele yao mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, matundu mawili tu yameachwa ya macho. Gunia likisimama mbele yako na kutikisa kichwa, basi wewe ni gaidi. Hakuna aliyekuuliza neno. Gunia lilimtikisia kichwa Chifu, wakati huo kijana asiye na cheo chochote, naye akapelekwa kambini na kuzungushwa kutoka kambi hadi kambi. Hakusomewa shtaka wala hakumwona hakimu, na hakujua kamwe ni nani aliyekuwa mle ndani. Alirudi na mvi ambazo si za umri wake.

Mtu huyo ndiye serikali ya uhuru iliyemfanya chifu. Nilikuwa nikijiuliza kama walimchagua kwa sababu ya kambi au kwa kuisahau kambi. Yeye akiulizwa alisema walimchagua kwa sababu siku ile ni yeye peke yake aliyekuwa na viatu.

Mimi nina hoteli ya chai sokoni. Si hoteli ya kulala, ni ya chai na mandazi, na mlango wake unatazama upande wa pili wa barabara. Humo ndimo nilimomtazama mzee huyu miaka mingi, na nasema wazi kwamba kuna siku nilimpenda kama baba na kuna siku ningemmwagia maji ya moto. Mimi ni mwepesi wa hasira, wateja wangu wanajua.

Alikuwa na lugha mbili na kila moja ilikuwa na kazi yake. Akikuongelesha Kikuyu, ulikuwa unaongea na jirani. Atakuuliza habari ya mbuzi, atakutania kuhusu mkwe wako. Akigeuza Kiswahili, hata katikati ya kikombe, ujue serikali imeingia na imevaa buti. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha kukwaruza, lakini kiliwatosha walevi na wakwepa kodi. Mama yangu alisema kwamba mtu huyu ana watu wawili ndani yake na wanatumia kofia moja.

Ile kofia ilikuwa ya serikali, ya kaki, yenye nembo ya shaba mbele. Na juu ya kofia alikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote. Ukitaka kumshtaki mtu kwenye baraza lake, hukukubaliwa kunong'ona. Ulitembea mpaka mbele, ukavua kofia au kitambaa chako, ukasimama bega kwa bega na yule unayemshtaki, ndipo ukasema. Yeye mwenyewe alivua yake akisikiliza.

"Kuja hapa. Toa kofia, simama karibu na yeye," alikuwa akisema. "Mwenye neno ako na uso. Kama huna uso, huna neno."

Nilimwona akiwarudisha nyumbani watu wazito kwa sheria hiyo. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na lori alimfuata ofisini kumweleza kwamba jirani yake anafuga watu wabaya. Chifu akamshika mkono kwa heshima zote, akamtoa nje mpaka kwenye baraza, akamwambia aendelee. Yule bwana alikumbuka ghafla kwamba lori lake linamngoja. Watu wakianza kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja, Chifu aliwakata kwa jibu lake la kila siku, kwamba lisemwalo lina msemaji, basi msemaji na aje.

Halafu ikaja ile miaka ambayo serikali ilitafuta maadui hata chini ya vitanda. Redio ilizungumza juu ya wapinduzi na karatasi za uchochezi. Wakubwa wake walimletea sanduku la mbao lenye tundu juu, wakamwagiza alitundike mahali pa faragha ili wananchi watumbukize majina ya watu wanaowashuku bila kujulikana. Chifu hakukataa, hakuwa mtu wa kukataa amri. Alilitundika kwenye nguzo ya mbele ya ofisi yake, mahali soko lote linaona, akaweka kiti chake chini yake na kukaa hapo akipuna kucha kwa wembe. Sanduku lilizeeka bila kutumbukizwa kitu, mpaka kuku wa ofisini wakapanda juu yake kulala.

Sisi tulimshangilia kwa hilo, lakini sitaki kumfanya malaika. Sheria yake iliua mtu pia. Kulikuwa na mjane karibu na mto aliyeona vijana wageni wakificha bunduki chini ya majani ya kahawa yake. Aliogopa kwenda mbele ya baraza na uso wake, kwa kuwa alijua wangemrudia. Akanyamaza. Wale vijana wakavamia duka sokoni na kumpiga risasi mlinzi, mzee tuliyemzoea, aliyekuwa akinunua kwangu mandazi ya jana kwa sababu hayana mafuta mengi. Baada ya mazishi mjane alimwendea Chifu, akamwambia kwamba angemwambia, lakini Chifu alitaka uso, na yeye uso alikuwa na mmoja tu. Nilimwona Chifu siku zilizofuata akipita sokoni bila kusalimu mtu, na baraza lile la wiki halikuitishwa.

Alipoongea tena, aliongea hotelini kwangu, kwa Kikuyu, akiitazama chai yake. Alisema kwamba serikali isipoogopa italala, na ikilala tutavunjiwa milango. Lakini ikiogopa ndani ya giza itampiga mwanawe ikidhani ni mwizi. Nikamuuliza sasa dawa ni nini. Akasema angekuwa anajua asingekuwa chifu, angekuwa anafundisha machifu.

Baada ya kustaafu alijipa kazi ambayo watu waliiona ya kizee. Upande wa pili wa barabara, kwenye veranda inayotazama mlango wangu, kulikuwa na fundi wa nguo. Huyu fundi alikuwa amechukuliwa na watu wa usalama katika miaka ile ya redio, akarudi na vidole vilivyokataa kazi. Aliweza kukanyaga cherehani, aliweza kusukuma kitambaa, lakini kutunga uzi kwenye sindano hakuweza, vidole vilitetemeka mpaka machozi yakamtoka. Basi kila asubuhi Chifu alikuja, akaketi kwenye stuli, akatunga uzi. Alianza na sindano ya cherehani, kisha sindano za mkono za vifungo, nyeusi, nyeupe, bluu ya sare za shule, akizichoma moja moja kwenye kibonge cha kitambaa ili zimtoshe fundi mpaka jioni. Hawakuzungumza sana. Fundi hakumshukuru hata siku moja, nami nilimwona fundi kuwa mtu mkavu. Wateja wangu walisema uzee umemfanya Chifu kuwa na huruma.

Sasa niseme habari ya ndugu yangu, maana bila yeye nisingeandika haya.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kichwa kizuri na mdomo ambao hakuurithi kwa jirani. Katika miaka ile alikuwa na zile karatasi. Sisemi alisingiziwa, alikuwa nazo kweli. Mama alizikuta ndani ya godoro, akazitia jikoni chini ya sufuria ya githeri, akalia mpaka moto ukazima. Kitu kilichotukosesha usingizi sote kilikuwa kimoja tu, nacho ni kwamba watamchukua na hatutajua walikompeleka. Watu walikuwa wakichukuliwa Murang'a, wakichukuliwa Nyeri mjini, na ukienda kituoni kuuliza unaambiwa mtu wa jina hilo hayupo hapa. Mama alianza kumfulia shati zuri kila siku, ili kama wakija wamkute na shati safi.

Siku ya soko kaka alikuwa hotelini kwangu akinywa chai. Chifu akaingia na askari wake wawili, kofia kichwani, na akaanza kwa Kiswahili.

"Mwalimu. Watu wote wako kwa matuta wanachimba, wewe unakunywa chai. Wewe ni nani?"

Kaka akamjibu kwamba yeye ni mwalimu na amechoka na matuta ya kulazimishwa. Chifu akakipiga kikombe kwa fimbo yake. Kikombe changu, cha kauri, kikavunjika mbele ya watu. Kaka akasimama akamtukana. Alimwita mbwa wa kambi, akamwambia Mzungu alimfundisha kupiga watu na somo limemkaa vizuri. Mimi nilishika birika na kujiambia nikilimwaga nitafungwa, kisha nikajiambia na nifungwe tu.

"Mumesikia nyinyi wote," Chifu alisema, akigeuka taratibu ili kila mtu amwone. "Ametukana serikali na amekataa kazi ya umma. Fungeni yeye."

Kesho yake kaka alipelekwa mbele ya hakimu mjini Nyeri, na soko zima likawa shahidi. Alifungwa miezi. Mama yangu alitoka mahakamani akiwa amenyooka kama mti, na tangu siku hiyo hakumsalimu Chifu. Wakikutana njiani aliingia shambani mwa watu na mzigo wake wa majani ya ng'ombe mgongoni, akasubiri apite.

Alasiri ile ile ya soko, askari wakiwa wameshaondoka na kaka, Land Rover ilisimama mbele ya veranda ya fundi. Watu walioshuka walivaa makoti ya mjini. Fundi alikuwa akimpima msichana sare ya shule, akaondolewa na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Tuliambiana kwamba walikuja kumtafuta kaka, na walipomkosa wakabeba wa karibu, kama mvua ya mawe inavyochagua shamba. Kahawa ilichanua, ikavunwa, ikachanua tena, ndipo fundi akarudi. Alisema tu kwamba walimsimamisha kwenye maji muda mrefu, na kwamba kuhusu vidole asiulizwe.

Kaka alitoka jela kabla yake, amekonda lakini mzima, na ni yeye aliyetufungulia macho. Alisema siku ile, kabla usiku haujaingia, Chifu alimfuata kwenye seli ya ofisi yake, akavua kofia, akamwongelesha Kikuyu. Alimwambia kwamba wale watu bado wanamtafuta, na kwamba mahali salama palipobaki ni mbele ya hakimu.

"Ukifika kwa hakimu, nitukane tena, akufunge vizuri," alimwambia. "Jela utapewa namba, na mama yako ataruhusiwa kukuletea sabuni. Huko wanakokutaka hakuna namba."

Kwa hiyo kikombe changu kilivunjwa kwa makusudi. Chifu alihitaji kosa dogo, la wazi, lenye mashahidi wengi, ili kaka aingie mikononi mwa sheria kabla ya kuingia mikononi mwa wasio na sheria. Wakubwa wake walijua alichofanya. Hawakuweza kumshtaki kwa kumkamata mhalifu, lakini walimstaafisha mapema, na ile kofia ya kaki akairudisha. Kaka hakurudishiwa kazi ya ualimu, akahamia Kiriaini kuuza mbolea na dawa za kahawa, na wale waliomtaka walishapata wengine wa kutafuta.

Mama hakuamini. Alisema mtu akikuokoa hakuvunjii kikombe. Alikufa hajamsalimu, na siku ya mazishi yake Chifu alisimama nje ya lango letu, kofia yake ya kiraia mkononi, mpaka tukamaliza kuimba. Mimi niliamini. Tangu kaka alipotueleza, Chifu hakulipa chai kwangu, na mteja aliyemsema vibaya nilimwekea mandazi ya mwisho wa karai, yaliyoungua. Nilipomwona pale kwa fundi na sindano zake, nilijiambia, tazama mtu huyu, hata ambaye hakuweza kumwokoa hamsahau.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa asubuhi ya baridi, mlima umejifunika. Alikuwa mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo, na macho yake yalikuwa na ukungu. Hakuketi. Alisimama mlangoni akaniambia kwa Kikuyu niache chai, anahitaji mtu wa kusikia. Nilijifuta mikono nikamfuata ng'ambo ya barabara nikidhani anagawa shamba na anataka shahidi.

Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani, suruali ya mtu magotini. Chifu hakwenda kwenye stuli. Alivua kofia yake, akaja akasimama bega kwa bega na fundi, wote wawili wakitazama barabara, kama watu walivyosimamishwa kwenye baraza. Hapo nilielewa ninachoitiwa.

"Siku ile walikuja kwangu asubuhi, kabla ya soko," alisema. "Wakamtaka mwalimu. Nikasema sijui aliko. Wakasema basi hawarudi mikono mitupu, nitaje mtu au niingie garini mimi. Nikawaambia gazeti husomwa pale kwa fundi, na siasa huongewa hapo. Nikataja jina lako. Wakaenda kwanza kumtafuta mwalimu shuleni, nami nikakimbilia sokoni kumfunga kabla yao."

Mguu wa fundi uliondoka kwenye kanyagio.

"Nilijua huna kitu. Ndiyo sababu nilikutaja wewe. Nilidhani asiye na kitu wangemwachilia jioni."

"Asiye na kitu hana cha kuwapa," fundi alisema. "Ndiye wanayemweka."

"Nilijua hata hilo. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokaa kambini. Lakini yule alikuwa Mzungu. Hii nilisema ni serikali yetu, itaona tofauti."

Akilini nilimwona kaka yangu Kiriaini akihesabu mifuko ya mbolea kwa vidole vyake kumi, vyote vizima. Nilitaka kumwambia Chifu aondoke asionekane tena mbele ya mlango wangu, na nilitaka pia kumshika mkono, maana bila neno lile ovu shati safi la mama lingekuwa la kuzikia. Nilichoweza ni kumgeukia fundi, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, nikamuuliza kama alikuwa akijua.

"Walinitajia siku ya kwanza," fundi alisema. "Chifu wenu ametuambia yote, walisema hivyo."

"Na miaka yote hii ukamwacha akutungie uzi?"

"Ningeshona na nini?"

Aliiweka ile suruali kando, akamtazama Chifu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akatazama kichwa chake kilicho wazi, mvi zote nje kwenye baridi.

"Nilikuwa nangoja avue kofia," alisema. "Sasa vaa, mzee, utashikwa na homa. Na hiyo sindano bado haina uzi."

Chifu alivaa kofia yake, akaketi kwenye stuli, akaokota uzi mweusi. Alijaribu, akakosa tundu. Akasogeza sindano karibu na macho, akajaribu tena, na uzi ukapita pembeni. Fundi alinyoosha mkono kumsaidia, mkono ukatetemeka, akaurudisha magotini. Tulikaa hivyo, wao wawili na sindano katikati, na barabarani watu wakipita kwenda sokoni. Mwishowe niliinama nikaichukua mkononi mwa Chifu, nikalamba ncha ya uzi, nikautunga.

Chifu amezikwa sasa, na kaka alikuja kutoka Kiriaini kubeba jeneza. Fundi bado anashona. Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, mimi huvuka barabara.